Shaba Iliyovuliwa Mkononi

Naikumbuka siku vilipochukuliwa vyombo vya kazi vya baba yako, mwanangu, na hasira yake bado ninayo. Mwenye kovu usidhani kapoa. Kaa unisikilize.

Enzi hizo za Mwingereza tulikaa hapa hapa Tabora, mtaa wa Kanyenye. Baba yako alikuwa fundi bati. Alilehemu ndoo, koroboi na madebe ya asali yaliyovuja. Mimi nilimvukutia moto, baadaye nikashika chuma mwenyewe, maana macho yake yalikuwa yamechoka kwa moshi. Ndoo nyingi walizomsifia zilikuwa kazi yangu, naye hakuficha. Kisha homa ikamchukua. Kaka yako Mashaka alikuwa bado mdogo, wewe uko mgongoni.

Matanga hayajapoa, baba yako mkubwa Mihayo akaja kutoka Nzega. Akabeba sanduku zima: chuma cha kulehemu chenye kichwa cha shaba, mkasi wa bati, tupa, hata chupa ya tindikali ya kusafishia bati.

Nikamwambia, "Shemeji, hivyo ndivyo vinavyowalisha watoto wa nduguyo."

"Vyombo vya kiume havibaki kwa mwanamke," akajibu, wala hakunitazama. Na mtu huyo, mwanangu, hakujua hata upande gani wa chuma unatiwa motoni!

Nililia kwa hasira mpaka maziwa yakapungua. Hapo ndipo bibi yako Kalunde, mama mzazi wa baba yako na wa Mihayo, akanijia. Nilidhani atanibembeleza. Akanifokea.

"Mwanangu tumemlilia wote. Lakini chuma hakililiwi! Mihayo nimemzaa mimi, nimemsema, hakusikia. Aibu hiyo niachie mwenyewe. Wewe kazi unaijua, huijui?"

"Naijua, Mama."

"Basi inuka."

Akaanza kuivuta bangili yake ya shaba, nene kama kidole, aliyoivaa tangu usichana wake. Baba yake, mpagazi wa misafara, ndiye aliyemletea kutoka ng'ambo ya ziwa. Ilikuwa imebana, ilitoka na ngozi. Akanitia mkononi. "Shaba hii ni ya mwanamke. Mwache aje aidai."

Mhunzi mmoja wa kijiji cha Ntalikwa aliiyeyusha, akaifua ikawa kichwa kidogo cha chuma cha kulehemu, akakitia mpini mrefu. Vingine nilivikusanya polepole, haba na haba. Debe la mafuta ya taa nililitoboa ubavuni likawa jiko. Wakati wa safari ndani yake vilikaa makaa, tupa, mkasi mkuukuu, vitambaa, vijiti vya lehemu kutoka duka la Mhindi, na kichupa cha tindikali nilichokiziba kwa nta kisimwagike. Vyote katika debe moja, debe kichwani, wewe mgongoni, kaka yako akibaki na bibi yenu. Sikutaka tena sanduku la kukaa nyumbani likimngoja mtu aje kulibeba.

Nikaishika njia ya kale ya misafara, kijiji hadi kijiji. Wanaume walicheka mpaka ndoo zao zilipoacha kuvuja. Msimu wa asali uliofuata nikapanda hadi Nzega, na huko mke wa Mihayo akaniita, ndoo yake imetoboka. Nimeketi uani nawasha makaa, namwona Mihayo anagongelea vigingi vya mbuzi. Nyundo yake ilikuwa chuma cha baba yako! Kile kichwa cha shaba kilikuwa kimepondeka kote.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba." Akaendelea kugonga.

"Kama hukitumii, nirudishie."

"Nakitumia, huoni?"

Nilimlehemia mkewe ndoo, kwa kuwa yeye hakunidhulumu, nikakataa hata maji ya kunywa, nikaondoka. Mihayo alipokufa nilikwenda kuzika. Kumsamehe bado, na Mungu anajua ninavyojaribu.

Sasa nikuambie kwa nini nimekuita. Jana nimekusikia ukiwaambia binamu zako kwamba cherehani ya marehemu Mashaka irudi kwenye ukoo. Mashaka, mwanangu niliyemzika juzi! Mjane wake ndiye anayeshona nayo, watoto wanakula hapo. Ukoo upi unaousemea wewe, uliyeota meno kwa kazi ya debe langu?

Usiiguse. Chombo cha kazi ni cha mikono inayokijua na vinywa vinavyokitegemea. Usirithi jasho la mtu aliye hai, wala dhuluma usiiite mila. Na mabinti zako wafundishe kazi, uwape na vyombo vyao mchana, mbele ya watu. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na mimi sijafa.

Inuka uende kwa shemeji yako, umwambie mbele ya hao binamu kwamba cherehani ni yake. Ukirudi hujalisema hilo, usiniamkie. Ukirudi umelisema, njoo nikuwekee mkono kichwani: Mungu akupe riziki isiyo na kilio cha mtu ndani yake, ulale usingizi, na wanao wakutaje kwa heri.