Magurudumu Manne, Saa Zote

Kazi yangu hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi ya Uganda, ni kusema maneno ya watu wengine. Mkubwa wa ofisi yetu, bwana aliyetoka Kampala bila Kiswahili, husema kwa Kiingereza; mimi huwaambia Wakongo wenzangu kwa Kiswahili, na wao wakijibu namrudishia kwa Kiingereza, nikiwa nimeyachuja njiani. Mzee wa Rubondo, mtaa mmoja wa kambi, akisema, "Huyu mutu anatupotezea siku ya kulima," mimi husema, "Mzee anaomba vikao viwe vifupi." Miaka mingi nilijihesabu mwenye hekima. Kumbe nilikuwa mwoga mwenye msamiati.

Ofisi yetu hufundisha watu kunawa mikono. Ina gari moja la foo-wili, jeupe, na kila Ijumaa gari hilo lilioshwa hadi kuku walijitazama kwenye milango yake. Chini ya gari hakuna aliyetazama.

Pembeni mwa gia ya kawaida kulikuwa na mkono mdogo wa pili. Ukiuvuta, magurudumu yote manne yanasukuma kwa pamoja. Ukiurudisha, yanasukuma mawili ya nyuma tu. Mimi nilijua habari zake tangu utoto, kwa sababu baba yangu aliendesha lori kule Kivu Kusini, akapanda na kushuka milima ya Ngomo hadi mgongo ulipomkatalia. Mwana wa kike hakutakiwa gereji, lakini mimi ndiye niliyekuwa na mikono myembamba ya kufikia nati za ndani, basi uanamke wangu ukasamehewa. Baba alisema, "Mane ni ya matope. Fasi kavu, mbili inatosha." Fasi ndiyo mahali, kwa Kiswahili chetu. Nilipouliza kwa nini, aliniambia niwatazame watu wawili wanaopitisha kitanda mlangoni. Kwenye kona, wa mbele hutembea njia ndefu kuliko wa nyuma; magurudumu nayo, yakifungwa pamoja, hugombana hivyo hivyo. Kwenye tope, gurudumu huteleza kidogo na ugomvi unaisha. Kwenye lami halitelezi, kwa hiyo ugomvi unarudi ndani ya gia, chuma kwa chuma.

Mkubwa wetu hakupata kubeba kitanda. Wiki yake ya kwanza aliona ule mkono mdogo, akauliza ni wa nini, akaambiwa. Kesho yake karatasi ilibandikwa mbele ya dereva, ina mhuri na saini: KWA USALAMA WETU, MAGURUDUMU MANNE SAA ZOTE. Manne ni mengi kuliko mawili. Nani angebishana na hesabu?

Mimi nilijaribu, mara moja. Nilimwambia mkubwa kwa adabu kwamba kwenye lami ya mjini Mbarara gari linaumia.

"Wewe ni mkalimani," alinijibu, akitabasamu. "Nikisema jambo kuhusu gari, litafsiri."

Dereva wetu alikuwa Mnyankole, mwanajeshi mstaafu, mtu mpole mwenye shingo kama kisiki. Nikamgeukia yeye.

"Mama, hiyo maneno mimi najua," alisema. "Lakini mkubwa ameshaandika. Huko jeshini, mtu ya kuuliza swali ndiye anachimba choo."

Kila mwisho wa mwezi alijaza fomu ya gari. Palikuwa na mstari wa oili ya giaboksi, na mbele yake kisanduku. Aliweka tiki bila kuinama. Nilimuuliza kama ameikagua hiyo oili.

"Karatasi imeuliza tiki, mama. Haikuuliza oili."

Mkubwa alizisifu fomu zile. Alizikagua moja moja, kwa kalamu nyekundu.

Basi tukaenda hivyo, kavu na maji, lami na vumbi. Gari lilianza kulia kila tulipokata kona, sauti nyembamba kama ya mbwa aliyefungiwa nje. Mkubwa aliongeza sauti ya redio.

Siku lilipokufa tulikuwa Mbarara, mchana kweupe, tunageuza barabarani karibu na daraja la mto Rwizi. Liliruka mara mbili kama mbuzi, likatoa mlio wa sufuria iliyoangushwa, likasimama kwa upande na kuziba njia zote. Pikipiki za boda zilijaa. Kijana mmoja wa boda aliinama dirishani akamwambia mkubwa kitu kwa Kinyankole. Dereva aliangalia mbele. Mkubwa hakuniuliza tafsiri, na bahati yake mimi Kinyankole sikijui.

Tulivutwa hadi gereji moja ya mtaa wa Nyamitanga. Fundi wake alikuwa Mkongo wa kwetu, mtu wa makamo mwenye kitambi, ambaye aliingia chini ya gari akiwa juu ya katoni. Ile nati ya kumwagia oili ilikuwa imeshikana kwa kutu; aliipiga nyundo hadi majirani wakatoka. Kilichotoka kilikuwa uji mweusi, uliojitoa kwa shida. Alichukua kidogo kwa vidole akausugua kwenye mwanga. Ulimetameta.

"Mama," aliniambia, "hii inang'aa si mafuta. Ni meno ya bwate yenyewe. Imejikula." Bwate ndiyo giaboksi, kwa Kifaransa chetu. "Hii mafuta haijabadilishwa tangu gari inazaliwa. Na ni nani aliitembeza na mane fasi kavu? Mwambie huyu patron, hata punda wanamupa maji."

"Anasema nini?" mkubwa aliuliza.

Nilifungua mdomo nikakuta kichujio changu hakipo. Labda kilibaki darajani. Nilimwambia yote, na punda.

Mkubwa alinyoosha tai. "Mwambie nina shahada ya uongozi."

Nilimwambia fundi.

"Bwate haijue diplome," fundi alisema. Hilo nalo nilitafsiri. Kisha akaona karatasi yenye mhuri kupitia kioo. "Na ile inasema nini?"

Nilimsomea kwa Kiswahili, polepole, pamoja na KWA USALAMA WETU. Fundi alinitazama kuona kama namtania. Alikaa juu ya tairi. Akaanza kucheka bila sauti, mabega tu, halafu sauti ikaja, akawaita wenzake niwasomee tena.

"Anasema nini?" mkubwa aliuliza.

"Bado hajasema kitu, bwana. Anacheka."

Gari lilikaa Nyamitanga hadi msimu wa mvua. Liliporudi lilikuwa na gia mpya, oili mpya, na karatasi mpya: KWA USALAMA WA GIABOKSI, MAGURUDUMU MAWILI SAA ZOTE. Mhuri uleule.

Mvua ya Rubondo haihitaji maelezo. Wiki ileile tulinasa kwenye mteremko chini ya kanisa dogo, tope hadi mlangoni. Mama wa kwaya waliokuwa mazoezini walikuja kutusukuma. Dereva aliutazama ule mkono mdogo, akamtazama mkubwa aliyekaa na faili magotini.

"Mkubwa, tuweke nne?" aliuliza, nami nikatafsiri.

"Karatasi iko wazi."

Walisukuma. Magurudumu ya nyuma yalizunguka bure na kuwapaka tope kuanzia vitenge hadi vilemba. Mama mmoja, ambaye sasa yalionekana macho tu, aligonga kioo upande wangu.

"Mwambie ashuke tumubebe mugongoni. Gari ibakie."

Nikamwambia mkubwa hivyo hivyo. "Mshukuru," alisema.

Ndipo dereva alipoibandua ile karatasi, bila hasira, akaikunja mara nne na kuitia mfukoni mwa shati. Akavuta mkono. Gari likatikisika, likashika, likapanda mteremko kama halijawahi kuwa na tabu. Mama wale walipiga vigelegele. Mkubwa alikuwa anasoma faili lake, na alilisoma hadi tulipofika.

Jumatatu dereva alipewa barua ya onyo: kukaidi agizo la maandishi na kuharibu hati ya ofisi. Niliitwa nimweleze kwa Kiswahili. Aliisikiliza akiwa amesimama wima, mikono ubavuni, kama bado yuko gwarideni, na nikaona aibu ambayo sikuwahi kuiona katika kazi yangu yote. Alipotoka nilimfuata.

"Nitaandika jibu," nikamwambia. "Wewe sema, mimi naweka kwa Kiingereza."

Alisema kidogo. Kwamba aliharibu giaboksi kwa amri na akaiokoa bila amri. Kwamba hati haikuharibiwa, imekunjwa tu, na ameiambatisha. Nilipomsomea alikuna shingo.

"Mama, ondoa kidogo ukali."

"Siondoi."

Alitia saini. Mkubwa aliisoma mbele yetu, mara mbili, akasema, "Kiingereza kizuri," akaiweka kwenye faili. Onyo halikufutwa. Karatasi ya tatu haikubandikwa.

Tangu hapo, kila baada ya miezi michache mimi na dereva hupeleka gari Nyamitanga. Yeye huingia chini pamoja na fundi, mimi hushika taa. Oili ikitoka safi, fundi huniita niiguse. Kwenye fomu ya mwezi dereva huweka tiki, na mkubwa bado huizungushia duara kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni: kazi nzuri.