Script yangu ya kwanza ilipowafanya akina Mary Akinyi watatu kuwa mtu mmoja

Wakuu habari zenu, na wajukuu mnaosoma kimya kimya pia. Haya niliyaona kwa macho yangu na sitaongeza chumvi.

Nianze na waliokuwepo. Madam Consolata Anyango, mkubwa wa ofisi ya mradi wa maji hapo Homa Bay. Walter Ogola, mtu wa kompyuta, mtoto wa marehemu dada yangu Prisca, kwa hivyo akiniita mama ilikuwa haki yake. Na mimi Syprose, wa kufagia na kupika chai. Shule niliachia darasa la nne.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Kompyuta yenyewe ilikuwa ya Unix. Hakuna mouse, hakuna picha, ni skrini nyeusi na maandishi ya kijani.

Wiki hiyo Walter alianguka na baiskeli huko Asumbi, mkono wa kulia ukafungwa plasta. Akaniomba niwe vidole vyake. Yeye anasema, mimi nabonyeza.

Herufi c niliitafuta mpaka chai ikapoa. Lakini siku ya tatu nilikuwa najua ls inaonyesha mafaili na cat inafungua moja usome. Nilikuwa naamka na furaha kama msichana.

Basi kukaja kazi ya orodha. Kulikuwa na faili ya akina mama wa Migori na nyingine ya Homa Bay, wote wanangoja tangi za maji. Madam alitaka ziunganishwe, na aliyejiandikisha mara mbili aondolewe. Lori lilikuwa linakuja Jumamosi, na asiye kwenye orodha hapati tangi.

Walter akaniambia script ni karatasi ya maagizo tu, unaiandikia mashine mara moja, halafu inafuata. Nikaandika mwenyewe:

cat migori homabay | sort | uniq > wote

Yaani soma zote mbili, panga kwa herufi, majina yanayofanana bakisha moja, weka kwa faili mpya.

Nikaiita unganisha. Kuiendesha, ikakataa, permission denied. Walter alicheka sana. Kumbe script mpya lazima uipe ruhusa kwanza, chmod +x unganisha. Nikaipa, nikabonyeza enter.

Ikamaliza kabla sijatoa kidole. Wakuu, nilipiga kigelegele ofisini.

Majina mia mbili na tisa yakawa mia moja sabini na moja. Madam akafurahi, akasema hao thelathini na wanane ni wenye tamaa, na majina yao atayapeleka kwa chifu.

Nikaichukua ile orodha mpya iliyochapishwa nikaisoma kwa kidole. Mary Akinyi alikuwa mmoja.

Huku kwetu aliyezaliwa asubuhi ni Akinyi, na padri akishabatiza, nusu yao ni Mary. Mimi nilikuwa najua watatu. Mmoja Macalder, mmoja Mfangano, mmoja hapo Asumbi.

Nikamwendea Madam. Akasema, "Mama, wewe ni wa chai. Mashine haina ukabila wala undugu."

Nikamjibu, "Ndiyo, Madam, na pia haijui watu. Wa Macalder nilimpikia uji akijifungua. Huyo si mwizi."

Akaangalia saa yake. Halafu akasema nina mpaka jioni.

Mwanamke wa kwetu akishaolewa anaitwa kwa kule alikozaliwa, nyar Kadem, yaani binti wa Kadem, nyar Kochia, nyar Gwassi. Nikaketi na daftari la kujiandikishia. Kila jina lililojirudia nilijua ni la nani kwa majirani waliojiandikisha mbele na nyuma yake. Nikafungua vi, programu ya kurekebishia maandishi, nikaongeza nyar wa kila mmoja kwenye zile faili mbili. Mara mbili nilikwama ndani ya vi nisijue kutoka, Walter akinielekeza polepole.

Nikaendesha script ile ile, bila kubadilisha hata nukta.

Mia mbili na nane.

Aliyejiandikisha mara mbili kweli alikuwa mmoja tu, Pamela Awuor nyar Kagan, na huyo hata mumewe hakushangaa.

Jumamosi Madam mwenyewe akaita, "Mary Akinyi!" Wakaitika watatu kwa pamoja. Akaangalia karatasi, akasoma tena taratibu, "Nyar Kadem." Akatoka yule wa Macalder, akaweka mkono juu ya tangi lake.

Nilichojifunza: mashine ilinitii sawasawa, kosa lilikuwa maagizo yangu. Wajukuu mnaoanza, kabla ya kufuta vinavyofanana, uliza kwanza kama ni kitu kimoja.

Nanyi script yenu ya kwanza iliharibu nini? Na kama kuna mtu wa Homa Bay au Migori aliyekuwepo siku ile, nimeandika kwa kumbukumbu tu. Wa Mfangano nasema alikuwa nyar Gwassi. Kama nimemkosea kwao, nirekebisheni hapa hapa, nisimpoteze mara ya pili.