Karabai ya Mjomba

Mjomba wangu aliishi Märsta, kule Uswidi, alisafisha ndege uwanjani, na alijiita mvuvi. Hilo la mwisho ndilo lililonichekesha. Alikuwa mtu wa Uvira, mji wa kando ya ziwa, ambako ndagala, wale dagaa wadogo, huitwa juu usiku kwa mwanga wa karabai, naye aliamini samaki wa dunia nzima wamesoma shule moja.

Kila Jumapili, mbele ya samaki wa kununua, mama alimchokoza: "Mvuvi, wako tutamwonja lini?" Mjomba akaapa kumletea gös, samaki wa maji baridi mwenye macho kama vioo, kutoka ziwa lenye kina lililokuwa nyuma ya msitu.

Mimi nilikuwa kijana wa mashairi. Marafiki zangu walisifu jinsi nilivyoyaimba maji yale maangavu. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kushika chambo. Mjomba alishika, na bado hakupata kitu.

Wakati wa baridi alitoboa barafu, akaweka karabai kando ya tundu kama anayemsubiri mgeni mlangoni. Tulirudi na mafua. Mwezi wa tano Waswidi walikataza uvuvi ili gös wazae. Yeye akakaa ufukweni akiwatukana Waswidi na gös pamoja. Mwezi wa saba aliiwasha karabai jioni, jua likiwa bado juu ya misonobari, limekaa kama mgeni asiyejua kuaga.

"Mjomba, izime," nikamwambia. "Nimesoma maktabani. Gös hukimbia mwanga, na maji yakiwa maangavu hivi ndipo huzama zaidi."

"Hicho kitabu kimezaliwa ziwani?"

"Wewe je, umezaliwa katika ziwa hili?"

"Ziwa ni ziwa. Shika kamba, profesa."

Mwezi wa kumi, jioni moja, mafuta ya taa yakaisha. Giza likatua juu ya maji, na kabla hajamaliza kulilaani, kamba ikavutwa. Akamtoa gös mrefu kama mkono wake.

"Umeona?" akasema akihema. "Taa iliwaita. Walikuwa njiani tu."

Nilicheka mpaka kituo cha basi.

Mama alimpika gös kwa nyanya na pilipili. Akaonja, akaonja tena. "Kaka, kumbe kweli wewe mvuvi. Ulimpataje?"

 Mjomba aliinamia sahani, kisha akaninyanyulia macho. Hapo nikajua kwamba alijua ni giza lililomleta samaki. Sentensi yangu ya kumsuta ilikuwa tayari. Nilikuwa nimeinoa tangu wakati wa baridi.

"Karabai," nikasema.

Mama akamwekea mjomba kichwa cha samaki.