Maji ya Tám Sửu

Mke wangu Diễm hakuwa mtu wa kusamehe, na hakupenda asingiziwe kwamba alikuwa. Siku tuliyomzika, mtawa wa pagoda, hekalu letu la Kibuddha, alipoanza kuusifu moyo wake mpole, nilimwona mama mkwe wangu ameinamisha kichwa, mabega yakimtikisika. Nikadhani analia. Kumbe anacheka.

Hapa Houston wengi walimjua kama mhandisi wa maji. Baada ya kimbunga kikubwa kuupiga mji, mitaa mingine ilikaa siku chungu nzima bila tone, lakini mabomba ya mtaa wetu wa Wavietnamu yalitoa maji, kwa sababu pampu alizozijenga yeye zilikuwa juu ya mafuriko. Watu walituletea mapapai na bata wa kuchoma mpaka friji ikakataa kufunga. Wachache walijua kwa nini mwanamke huyo aliyachukulia maji kama jambo la ugomvi.

Alikuwa bado msichana mdogo walipopanda boti kukimbia kwao Rạch Giá, Vietnam, yeye, mama yake na kitindamimba wao, ambaye nyumbani walimwita Út. Injini ikafa katikati ya bahari. Bastola ilikuwa mkononi mwa mtu mmoja tu, Tám Sửu, aliyekuwa mwanajeshi zamani. Akalikalia pipa la maji kama kuku anayeatamia. Jamaa zake walikunywa. Wengine waliambulia kulamba kifuniko.

Mama mkwe wangu alimpigia magoti. "Kaka Tám, kijiko kimoja tu, cha mtoto."

"Huyo ni wa kufa, dada. Nipoteze maji kwa nini?"

Jua lilipozidi, mke wa Tám akalalamika kichwa kinamgonga. Tám akachota kikombe kizima akammiminia kwenye nywele, watu wote wanaangalia. Diễm alilala kifudifudi akalamba mbao pale maji yalipotiririkia. Yalikuwa na ladha ya mafuta ya nywele. Kesho yake Út akakata roho mapajani mwa mama yake. Wakamfunga kwenye kitambaa cha kichwa, wakamshusha baharini. Jioni ileile meli ya mizigo ikawaona.

Diễm alinisimulia haya tukiwa wachumba, tunakula supu ya tambi, na wakati wote aliendelea kutia pilipili kwenye bakuli lake.

Houston, mama na binti walifanya kazi kwenye kiwanda cha nguo. Siku moja Diễm akamwona Tám sokoni, amenenepa, anapapasa machungwa. Alikuwa amehamia kutoka California, amefungua duka la fanicha, na pagoda ilikuwa imeshampa kiti cha mbele kwa sadaka zake. Diễm akarudi kiwandani akawaambia akina mama wa cherehani.

"Wewe mtoto wewe!" mmoja akamkaripia. "Mzee mtoaji kama yule, unamzulia mauaji? Wewe ni nani hapa mjini?"

"Basi ngojeni niwe mtu," Diễm akajibu.

Wenzake walisoma ili wapate nyumba na gari. Yeye alisoma ili asikilizwe. Kiingereza kilimtesa, na kila alipofeli mtihani alikwenda kusimama ng'ambo ya duka la Tám, akamtazama anavyocheka na wateja wake, kisha akarudi kwenye vitabu. Alipopata shahada, nilimwuliza ana furaha? Akasema, "Bado mapema."

Miaka ikapita. Tukazaa, tukazeeka kidogo. Nilidhani jambo lile limelala. Halafu, baada ya kimbunga, chama chetu cha Wavietnamu kikaamua kumtunukia Tám Sửu ngao ya heshima kwenye karamu ya mwaka mpya. Wakaja nyumbani kumwomba mhandisi wetu mpendwa ndiye aikabidhi. Diễm aliwamiminia chai, akasema, "Kwa mikono miwili."

Walipoondoka, mama yake alimshika kiwiko. "Mwanangu, achana naye. Út harudi."

"Najua harudi, mama. Wewe vaa ile nguo yako ya zambarau."

Ukumbi ulijaa. Supu ya kaa ilikuwa imeshapita, na Tám alikaa meza ya mbele na wajukuu zake, suti nyeupe, nywele zimepakwa rangi. Diễm akapanda jukwaani, akaiweka ngao chini, akachukua kipaza sauti.

"Mzee Tám, unanikumbuka?"

"Nani asiyemjua bibi mhandisi!" Tám akajibu, watu wakacheka.

"Si huku. Kwenye boti. Mama yangu alikuomba kijiko cha maji, ukamwosha mkeo nywele."

Kicheko kikakatika. Tám akainuka nusu. "Dada, ilikuwa vita... sote tulikuwa tunakufa."

"Nani alikufa kwenye familia yako? Mtaje."

Mwenyekiti wa chama akakimbilia kuzima kipaza sauti, lakini huko nyuma mzee Khôi, fundi viatu, alikuwa ameshasimama. "Mimi nilikuwemo botini," akasema kwa sauti ya kukwaruza. "Anasema kweli. Nywele zilikuwa mpaka kiunoni."

Hakuna aliyempiga Tám wala kumtukana. Watu walianza tu kuchukua makoti yao, meza baada ya meza, bila kumuaga. Diễm hakushuka jukwaani mpaka alipomwona Tám akitoka kwa mlango wa jikoni. Kisha akaja kuketi karibu nami, akala wali wake wote.

Wiki iliyofuata mjukuu wa Tám, binti wa chuo, alikuja kwetu, macho yamevimba. Hakukubali kuketi.

"Shangazi, kwa nini hukumwambia peke yake? Ulisubiri makusudi mpaka tuwepo?"

"Ndiyo," Diễm akasema. "Mama yangu naye alikuwepo."

Yule binti aliondoka bila kufunga mlango. Nilimwambia mke wangu kwamba mtoto yule hana kosa. Akasema analijua hilo, na hata hivyo hajutii.

Tám alifunga duka, akarudi California, akafia huko. Habari zilipotufikia Diễm alikuwa anakata vitunguu. Akauliza aliugua muda mrefu? Nikamwambia ndiyo. "Vizuri," akasema.

Kansa ilipomshika yeye, siku moja hospitalini, mtawa akiwa amekaa pembeni, nilimwuliza kama moyo wake umetulia sasa. Alikuwa hawezi tena kumeza, mimi namlowesha midomo kwa pamba. Akaisukuma ile pamba ili aongee vizuri.

"Umetulia tangu usiku ule wa karamu, Bửu," akasema. "Nilichelewa tu. Mke wa Tám alikuwa ameshakufa, hakunisikia."