Jimbo Halina Waya

Juzi nilipita mtaa wa Section 58 nikakuta kijana akiandika jina la jimbo letu ukutani. Neno hilo, jimbo, lilinirudisha utotoni, enzi za ukoloni, kwenye shamba la mzungu upande wa Keringet, alasiri moja maua ya pareto yakikauka juani.

Katika laini yetu ya nyumba za wafanyakazi, baba peke yake ndiye aliyekubaliwa kupiga kura. Alivaa koti akasema anaenda kuchagua mtu wa jimbo. Leo najua mpaka wa jimbo huchorwa kwenye karatasi. Wakati huo nilijua mashamba tu, na kila shamba lilikuwa na ua wa waya na nyapara wake wa kusimamia kazi. Nikadhani jimbo ni shamba jingine, tunahamishwa tena. Nikang'ang'ania koti lake nikilia.

"Nyapara wa huko anachapa watoto?"

Baba hakucheka. "Jimbo halina waya, binti yangu. Hata hapa uliposimama ni jimbo. Na huyo mtu ni sisi tunamwandika kazi. Akitukosea, tunamfukuza."

"Hata wewe unaweza kumfukuza?"

"Hata mimi."

Baba alikuwa amefukuzwa mashamba matatu. Nikaachilia koti, nikamwambia aende haraka asichelewe.