Boga la Wazungu na Bakuli la Mdogo Wangu

Enzi za Mwingereza, Kinondoni ilikuwa mchanga, minazi na nyumba za udongo zilizoezekwa makuti. Nikiikumbuka leo naiona kama kitu kilichotumbukia kwenye mtungi wa maji: kila kitu kipo, ila kinachezacheza.

Baba alikuwa mpishi kwa Wazungu, upande wa baharini. Kila mwaka, mwezi wa kumi ukielekea kuisha, alirudi nyumbani na nyama ya boga iliyokwanguliwa, ameifunga kwenye jani la mgomba. Wazungu walitaka ganda tu. Walilitoboa macho na meno, wakawasha mshumaa ndani yake, wakalikalisha barazani likikenua. Mama aliyapika makombo yao kwa tui na iliki, nasi tukala mpaka tukalamba vidole.

Mwaka mmoja baba alitueleza, huku akicheka, kwamba siku ya kuwasha boga hilo watoto wao hujivika kama wafu, wakapita mlango kwa mlango kuomba peremende, na ukiwanyima wanakufanyia vituko. Sikuipenda habari hiyo hata kidogo. Sisi nasi tulipita mlango kwa mlango siku ya Idi kuomba mkono wa Idi, lakini tulikuwa tumeogeshwa, tumepakwa mafuta na kuvikwa nguo mpya. Nani anaomba peremende amevaa sanda? Nilimwambia baba kwamba watu hao labda hawajawahi kuzika mtu. Akaacha kucheka, maana mwaka ule sisi tulikuwa tumezika.

Mdogo wangu alikufa kwa homa wakati wa masika. Majirani walilia, mama akakaa mkekani macho makavu. Tangu hapo, kila jioni alipopakua chakula alijaza na bakuli la mdogo wangu, bakuli dogo la bati lenye maua mekundu, akaliweka karibu na mlango, pale marehemu alipozoea kukaa. Asubuhi aliwamwagia kuku. Baba aliwahi kulificha, na mama akalitafuta nyumba nzima mpaka baba mwenyewe akashindwa kuvumilia, akalirudisha. Nikimsemesha, majibu yake yalinijia kama yanatoka chumba cha pili. Niliogopa, nisiseme uongo. Niliona kwamba mama amemfuata mdogo wangu, ametuachia mikono tu ya kutupikia.

Jioni ya boga mwaka ule, moshi wa kuni ulikuwa umetanda chinichini uani na adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha. Mama alikuwa amepakua boga alilolileta baba jana yake, baba mwenyewe hajarudi kutoka kazini, na bakuli lipo mahali pake. Nilipoinua uso, mlangoni amesimama mtoto wa kimo cha mdogo wangu. Amefunikwa shuka jeupe toka utosini, matundu mawili mahali pa macho, kikapu mkononi. Habari zote nilikuwa nimeshaambiwa na baba, na bado nilirudi nyuma mpaka ukutani.

Mama alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, kwa sauti niliyokuwa nimeisahau:

"Karibu, mwanangu. Kaa ule."

Mtoto akaketi palepale. Mama akachukua kopo la maji, akamnawisha, akamsogezea bakuli. Mgeni wetu aliinua ukingo wa shuka kidogo, akala polepole, na tui likamchuruzika mpaka kwenye shuka. Sikumbuki sauti yoyote. Nakumbuka mkono wa mama ukimpepea nzi.

Baba akaingia mbio, jasho linamtoka, na nyuma yake mwanamke wa Kizungu, mama wa mtoto yule, amejaa mchanga miguuni. Mtoto alikuwa ameng'ang'ania tangu asubuhi kwamba lazima abishe hodi kwa mpishi wao. Gari lilikwama mchangani, na watu wazima walipokuwa wakilisukuma, yeye akatangulia kwenye mlango aliokuwa ameonyeshwa na baba. Baba aliliona bakuli, akaduwaa. Alianza kumwomba mama radhi kwa ajili ya lile shuka. Mama akamjibu taratibu kwamba mtoto hajamkosea. Mtoto alishukuru, akachukuliwa, na bakuli likabaki tupu.

Nilimsogelea mama kwa hasira nikamwambia yule alikuwa mtoto wa Mzungu tu.

"Nimemnawisha mikono, nimeiona," alisema. "Alikuja kuomba, na chakula kilikuwa cha mtu ambaye haji tena."

Akasikia alichokisema. Akalia, akalia kwa sauti mpaka majirani wakaja kuchungulia, na baba akaketi kando yake bila kumnyamazisha. Nami nilifurahi kumsikia akilia kuliko nilivyowahi kufurahia Idi yoyote.

Jioni ya kesho yake mlangoni hapakuwa na kitu. Mama alipakua wali kwenye bakuli la maua mekundu, akanikabidhi mimi, akanitazama mpaka nikamaliza.