Joto la Kabla ya Pigo

Kiharusi kiliponipiga, watoto wangu walianza kuniongelea kama mtu ambaye hayuko. Nami nilikuwa nimekaa hapo hapo, mdomo umepinda, masikio mazima. Kijana wangu mkubwa, anayeishi Gataka, akamwambia dada yake, "Mwisho wa mwezi, huo mkono usiposhika kitu, nakuja kumchukua. Ploti tutaitafutia mpangaji."

Mkono wenyewe, wa kulia, ulikuwa umelala kwa paja kama mzigo wa mtu mwingine. Nilitaka kumnyooshea kidole. Haukuinuka. Nikamwambia na mdomo huo huo uliopinda, "Mimi si mbuzi wa kuhamishwa."

Ploti hiyo ya Kitengela tulinunua na marehemu mzee wangu miaka ya tisini, tukitoka Ukambani. Yeye alichonga mawe kwa kwari, mimi nikaotesha miche ya sukuma wiki na kabeji, nikiuzia watu wa hapa mpaka wa Mashuuru. Wakati huo punda milia walikuwa wanapita nyuma ya choo. Mtu ananiambia nitoke hapo nikakae kwa sofa yake niangalie televisheni!

Jirani yangu, mama Mmaasai wa rika langu, alikuwa anakuja kila asubuhi. "Takwenya!" ananisalimu Kimaa mlangoni. "Iko," najibu. Siku moja akaja na bakuli la bati lenye mafuta ya kondoo ya kunitibu mkono, akaliweka kwa jiko, akaniambia, "Jaribu, yamefika?"

Nikauinua ule mkono mgonjwa na wa kushoto, nikachovya vidole vyake. "Bado. Ongeza makaa."

Akaongeza. Alikuwa ameinua bakuli animwagie wakati binti yangu wa mwisho aliingia. Huyo alikuwa anasoma chuo kikuu Nairobi mambo ya seli za neva. Akaweka kidole chake karibu na bakuli, akakiondoa haraka.

"Mama! Ulipima na mkono gani?"

"Na huu unaotibiwa. Ungetaka nipime na wa nani?"

"Huo hausikii moto! Mngeumenya kama kiazi!"

Jirani akashika kiuno akacheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilimkumbusha binti yangu kwamba ni yeye alituambia wakati wa Krismasi, kuku akiwa mezani, kwamba joto linalinda neva. Alikuwa amesema au hakusema?

"Nilisema, lakini sikiliza vizuri," akajibu, akivuta kigoda. "Seli ikipata joto kidogo, la kuisumbua tu, inatengeneza protini za ulinzi. Protini nyingine zikianza kujikunja vibaya na kushikana madonge, hizo za ulinzi zinazishika na kuzinyoosha. Sasa pigo likija, seli nyingi zinapona. Lakini joto linakuja kwanza, mama. Kabla ya pigo. Na ni kidogo. Likizidi, linaua."

Hiyo niliielewa. Mche unaotoka kwa kivuli ukaenda shambani siku hiyo hiyo unakauka. Unaondoa kivuli polepole, unapunguza maji, unauacha uteseke kidogo, ndiyo jua la shambani likute umekomaa. Nikamwambia, "Basi nipashe moto sasa, kabla ya kiharusi kingine."

"Wewe si mche, mama. Hiyo tumeona kwa seli na kwa panya. Dawa ya mtu bado. Tunachojua ni mazoezi. Lazimisha mkono ufanye kazi."

"Na hizo neva, zinajitengenezea ulinzi zote?"

"Nyingi ni nzito kujitengenezea. Kuna wakati seli za jirani ndizo zinatengeneza na kuzipatia."

Nikamwangalia jirani yangu, bado anajipangusa machozi ya kicheko. "Sikia hiyo," nikasema. "Hata neva haitolewi kwa jirani yake. Kamwambie kaka yako."

Kuanzia hapo nilishinda kitaluni. Nilifunga jembe dogo kwa ule mkono na leso. Lilianguka, nikalifunga tena. Nilitukana vidole vyangu kwa Kikamba, jirani akavitukana kwa Kimaa.

Mwisho wa mwezi kijana akaja na pikapu na kamba. Akanikuta nimepiga magoti, mkono wa kushoto unachimba shimo, wa kulia umebana mche kati ya kidole gumba na cha pili.

"Mama, hiyo si kushika. Hiyo ni kubahatisha."

"Mche umeanguka?"

"Haujaanguka, lakini—"

"Ulisema ushike kitu. Mche si kitu?"

"Na ukianguka wewe, hapa peke yako?"

"Peke yangu?" Jirani alikuwa amesimama kwa ua, ameshika ndoo yake. Kijana akamwona. Akakohoa, akamsalimia, akaanza kukunja kamba.

Mkono haukurudi wote. Vidole viwili bado vimelala, na chai naimwaga. Sijahama.